Mikono ya Lyle

Hollywood, 3 Machi 1936

Dada Hattie,

Hujambo? Mgongo unasemaje na mashuka ya wageni wako? Mimi mzima, na tangu nitoroke Reno ndiyo kwanza nalala nimeshiba.

Nimepata kazi kwenye filamu, usicheke! Ni kichekesho cha mcheza kamari anayempenda binti wa hakimu. Nyota wetu ana sura, lakini akishika karata utadhani kashika samaki hai. Basi uso ni wake, mikono ni yangu. Hata pete ya ndoa pale mwishoni navisha mimi, na kidole si cha yule binti, ni cha Corinne, mshonaji wa nguo za waigizaji. Tulirudia mpaka Corinne akasema, "Wewe, unavisha pete au unakamua ng'ombe?" Dada, nimependa.

Usimwambie mtu. Najua Strang bado ananitafuta.

Mdogo wako,
Lyle

Reno, 20 Machi 1936

Mdogo wangu Lyle,

Nimefurahi u mzima. Mgongo ni ule ule. Nyumba yangu ya wageni imejaa wanawake wanaongoja talaka zao, maana hapa Reno zinatoka upesi. Wote wanalia, na wote wanakula.

Strang alipita juzi kukuulizia. Ng'ombe wake wote ulimla kwa karata za wizi, na mkewe akamkimbia. Nimemwambia umekufa. Muoe huyo Corinne, karata uachane nazo. Na kile kidole chako kilichopinda, kifiche wanapokupiga picha.

Dada yako,
Hattie

Reno, 9 Oktoba 1936

Lyle,

Leo sina salamu. Ukipata barua hii, hama. Telegramu niliyotuma imerudi, wanasema ulishaacha kile chumba, basi naandika kupitia kampuni ya filamu.

Filamu yenu imefika. Jana nilienda na wageni wangu, ukumbi mzima ukicheka. Mara nikakiona kidole chako kidogo, kile ulichovunjwa na nyumbu wa mizigo nikakifunga kwa mpini wa kijiko. Kikubwa kama mlango! Nilisimama, Lyle. Nilipiga kelele, "Hiyo mikono ni ya mdogo wangu!" Watu wakanishangilia.

Taa zilipowaka nikamwona Strang safu ya nyuma. Asubuhi amepanda treni ya California. Mungu wangu, nilikuwa nimefurahi tu.

Dada yako,
Hattie

Hollywood, 2 Novemba 1936

Dada Hattie,

Hujambo? Sisi tupo. Mwandiko ni wa Corinne, maneno ni yangu.

Strang aliitangulia barua yako. Hakutaka pesa, alikuja na nyundo. Alipomaliza alikaa chini akalia, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Daktari amekata vidole sita, vilivyobaki havikunjiki. Kile cha kijiko kimebaki.

Usijilaumu. Aliyeiba ni mimi. Na katika maisha yangu hakuna mwingine aliyewahi kusimama mbele za watu akasema mimi ni wake.

Tulifunga ndoa Jumamosi. Ilipofika zamu ya pete, Corinne alijivisha mwenyewe, na hakimu aliyetufungisha akajifanya anatazama dirishani. Hapa Corinne ameacha kuandika kidogo, amejifuta macho, sasa anaendelea.

Filamu ikirudi huko, nenda kaitazame. Pale mwishoni namvisha Corinne pete, na mikono yangu yote miwili ni mizima. Simama tena, dada. Piga kelele.

Mdogo wako,
Lyle