Mpini wa Kitanda

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai wote hapo hamjambo na goti lako limepunguza visa. Mimi mwili mzima. Moyo ndio hauko sawa.

Mdogo wetu bado yuko wodini. Alianguka kwenye ngazi akipaka rangi dari, akainuka akicheka, eti kauvimbe tu. Kesho yake akaanza kutapika na kuniita mimi mama. Daktari akasema ubongo umevimba, na fuvu ni mfupa, halitanuki, hivyo unabanwa humo humo. Wakamtundikia dripu ya kupunguza maji kichwani.

Unajua mimi na wifi hatupikiki chungu kimoja. Nilimtilia shaka tangu mwanzo. Mbona alichelewa kumleta? Kichupa kile cha mafuta anayomkandia miguu kina nini? Mbona anamnong'oneza, nikitokea ananyamaza? Siku ya tatu nesi akalalamika kwamba kuna mtu anamchezea mgonjwa, ndiyo maana hali inarudi nyuma. Bila kupepesa macho nikasema ni mkewe, na kichupa nikakionyesha. Wifi alilia, akaapa, lakini akakatazwa kuingia. Nilifurahi, Dada, sikufichi.

Juzi hali ikawa mbaya zaidi, na wifi hayupo. Wakamkimbiza kumpasua, wakaondoa kipande cha mfupa ili ubongo upate nafasi. Baadaye nesi akanionyesha mpini chini ya kitanda. Akasema kichwa lazima kiinuliwe ili uvimbe upungue, lakini kila wageni wakiondoka anakuta kitanda kimelazwa. Akaniuliza nimemwona nani.

Ni mimi, Dada. Nilikuwa nikimkuta shingo imepinda kama abiria aliyesinzia, roho inaniuma, nazungusha mpini alale vizuri. Kila siku! Nesi nikamjibu sijui.

Leo kafumbua macho. Neno la kwanza, kauliza mkewe yuko wapi. Nikamwambia kaenda kupumzika. Kumbe yuko hapo nje kwenye benchi, na kila nikipita ananiuliza mimi hali ya mumewe.

Uso wa kumwambia sina. Barua hii nampa yeye aipeleke posta, na bahasha siifungi. Nesi nakwenda kumwambia sasa hivi. Wifi, ukifika mstari huu, posta iache. Ingia ndani, anakuulizia.

Wasalimie watoto, Dada, na uniombee.

Mimi mdogo wako,
fundi cherehani