Anwani ya Bi Mwanakombo

Jumatatu, 5 Mei
Halua imetoka laini mno. Nimeharakisha moto. Adhuhuri mteja wa Bondeni karudisha halua inayonuka samli mbovu, kanifokea mbele ya watu. Si yetu. Kaiagiza kwenye tovuti yenye jina letu, Halua ya Bi Mwanakombo. Sisi hatuna tovuti. Bi Mwanakombo ni bibi yangu, mzaa mama, Mungu amrehemu.

Jumatano, 7 Mei
Mwenye tovuti amejulikana. Twalibu, jirani yetu, mwenye ghala Shimanzi. Nilimwambia mwenyewe, akinywa kahawa dukani, kwamba twataka kufungua tovuti. Akaniwahi. Nimempigia simu, hakukana. Asema tukiitaka anwani ya tovuti tuinunue, tena kwa bei ya lori. Namchukia.

Alhamisi, 15 Mei
Wakili asema tuna nguvu. Jina tumelisajili zamani kuwa alama yetu ya biashara. Twalibu hana haki nalo. Na kule kutaka kutuuzia kwaonyesha nia mbaya. Malalamiko yamekwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya anwani za mtandao. Afueni kidogo. Mama alitaka wazee wakae na Twalibu kwanza. Nimekataa. Kaninunia.

Jumatatu, 9 Juni
Twalibu amejibu. Katia picha ya sahani ya halua yetu. Eti ni mzigo wa wakala. Eti tulimruhusu kuuza halua kwa jina letu. Sahani ya Idi hiyo! Mama kampelekea nyuma yangu, kama kila mwaka, na kesi iko mbele ya msuluhishi. Nimemuuliza kwa nini.
"Jirani hanyimwi sahani ya Idi," kasema.
Nimetoka nje nisije nikamvunjia adabu. Tumekwisha.

Ijumaa, 18 Julai
Tumeshinda. Msuluhishi kaandika kuwa zawadi ya jirani si ruhusa ya kutumia jina. Anwani ihamishiwe kwetu. Nimelia dukani mbele ya wateja, wala sikuona haya. Alhamdulillahi. Kifua chepesi, na njaa imerudi.

Jumanne, 29 Julai
Anwani ni yetu. Ukurasa mweupe, hauna kitu ila jina. Nimemwonyesha Mama kwenye simu. Kalitazama jina la mamake, kisha akamsomea Fatiha. Nikakaa naye mpaka akamaliza.