Kigeuzi cha Rafu ya Chini

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini mgongo wa mama umetulia, na yule mwanao mtukutu ameacha kuficha viatu vya baba yake. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo mashavuni, na shemeji yako anasema mashavu haya ni mali yake halali. Ukiona naandika upuuzi wa namna hii nisamehe. Ndoa ina miezi minne tu, na mdomo wangu bado umejaa sukari.

Juzi uliniuliza kwenye simu kama nina furaha, nikakujibu haraka mno kwamba ninayo tele, kisha nikasingizia kuwa chaji imeisha. Chaji ilikuwepo. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, kwa kuwa kalamu haina pa kukata.

Furaha ninayo, Dada. Asubuhi nikimwona anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, ulimi nje kidogo kama mtoto anayechora, natamani kumpigia mkuu wake nimwambie leo haji, ana mke. Wajua ni mpima ardhi, na kwake kila kitu ni kipimo. Hata chumba cha pili cha nyumba hii, ambacho wengine wangelaza wageni, amekipima na kukichora alama za chaki sakafuni: spika hapa, spika pale, na mbele yake kiti. Kiti kimoja. Anasema sauti za pande mbili hukutana mahali pamoja tu, na mahali penyewe panatosha kichwa cha mtu mmoja. Nilidhani anatania, nikamwambia basi mimi nitakaa mapajani. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso, akasema mwili wangu utameza sauti.

Basi muziki anausikiliza peke yake. Akirudi kazini anaoga, anakula, ananisifia chakula kwa maneno matamu hadi nataka kulia, halafu anaingia na kufunga mlango. Friji nalizima kwa sababu linanguruma. Bomba silifungui. Nakaa jikoni na vyombo vyangu vichafu, nimetulia kama mgeni aliyefika wenyewe wakiwa wamelala. Hapa sina jirani ninayemjua zaidi ya kumpungia mkono. Kuna siku sauti yangu mwenyewe naisikia mara mbili tu: nikimuaga na nikimkaribisha.

Sasa nikueleze kitu kinachoitwa kigeuzi, maana habari yote iko hapo. Siku hizi nyimbo zimehifadhiwa kama namba tupu, na spika haijui namba. Lazima pawe na kitu katikati cha kuzigeuza namba kuwa sauti. Simu yako inacho, kidogo kama punje. Cha shemeji yako ni kisanduku kizima, kizito kama tofali, na alikuwa nacho tangu ujana wake. Lakini nilipofika mimi alikuwa ameshaamua kwamba kimezeeka.

Kuchagua kipya kulichukua wiki sita, Dada, sita! Mimi alinichagua kwa wiki tatu, nami nilimkumbusha hilo. Muuza vyombo alimwazima visanduku vitatu, kimoja baada ya kingine, naye kila jioni aliandika daftarini: hiki kina besi nzito, hiki kinakwaruza juu, hiki kina hewa. Alihakikisha kwa kipimo kwamba vyote vinatoa sauti ya ukubwa uleule, kwa sababu, alisema, kinachopiga kelele zaidi humdanganya mtu kuwa ndicho bora, kama wanasiasa. Unaona alivyo mcheshi?

Siku moja akaniita ndani. Nilioga tena, Dada, nikavaa lile gauni la maua. Akanikalisha kwenye kile kiti, akanichezea wimbo mmoja mara tatu kwa visanduku vitatu, kisha akainama mbele yangu akisubiri, macho yanamng'aa. Nilitafuta tofauti kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Mwishowe nikasema vyote vitamu. Hakukasirika. Alinipapasa bega, akasema nisijali, masikio nayo husoma, yangu bado yako darasa la kwanza. Rafiki yake, fundi wa umeme tunayemwita Bwana Waya, alikuwepo. Akasema shemeji anasikiliza kwa macho, mwacheni amtazame mumewe ndiyo muziki wake. Wakacheka. Nami nilicheka, nikarudi jikoni na gauni langu la maua. Tangu siku hiyo hakuniita tena.

Kipya kikaja. Akakiweka rafu ya juu, cha zamani kikashuka rafu ya chini kumngoja mnunuzi. Hakukichomoa kwenye umeme, anasema vitu hivi vinapenda joto. Na taa yake ilikuwa imezibwa na gundi nyeusi tangu zamani, kwa hiyo huwezi kujua kama kinafanya kazi au kimelala.

Wiki ile ile nikafuta vumbi kwenye rafu. Nilichomoa nyaya tatu, nikafuta, nikazirudisha. Matundu ya visanduku vyote viwili yamefanana, na mimi nilikuwa nimeinama gizani nyuma ya rafu. Nilizichomeka kwenye cha chini.

Jioni ile alitoka chumbani mbio, akanikamata mikono yote miwili. Aliniambia kipya sasa kimepata joto lake, kimefunguka, kana kwamba mtu amevuta pazia. Alimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Alisikia kiti cha mpiga gitaa kikilia. Jumapili akamwita Bwana Waya na mwalimu mmoja wa fizikia, wakapokezana kukaa kitini, na Bwana Waya akafumba macho, akatamka kwamba kile cha zamani kilikuwa kama kula ukiwa na mafua. Mwalimu akasema kweli kabisa.

Nilikuwa nimewapelekea chai. Nilirudi jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili, nikacheka hadi mbavu zikauma, kwa sababu mimi nilishajua. Kisha nikageuka nimwambie mtu, hapakuwa na mtu. Mtu pekee ninayemwambia vichekesho vyangu ndiye aliyekuwa anachekwa. Sijawahi kujisikia mpweke hivyo, hata siku ya kwanza nilipoachwa na masanduku yangu katika nyumba hii.

Dada, hili ndilo nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Niliona kosa la zile nyaya asubuhi ya pili yake tu baada ya kufuta vumbi. Dakika moja ingetosha kuzirudisha, na mkono wangu ulishafika. Nikauondoa. Nilitaka jioni moja tu ya kujua kwamba masikio yangu si mabovu. Halafu nikataka ya pili. Siku kumi na tisa, nimekaa jikoni kila jioni, mimi ninayempenda hivi, nikimsikiliza mume wangu akifurahia kitu ambacho hakipo, na nikaonja utamu wake. Alipokuwa akinisifia chakula nilikuwa nasema moyoni, wewe endelea tu. Sikujua kwamba ndani yangu kuna mtu wa namna hiyo. Wewe uliyenilea, ulimjua?

Mnunuzi wa kile cha zamani anakuja Jumamosi. Jana, yeye akiwa kazini, nilikwenda kurekebisha. Nilijua hakuna ambaye angejua kamwe, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikifanikiwa, nitakuwa na chumba changu mwenyewe cha kujifungia, na kiti kimoja ndani.

Kwa hiyo nyaya nikaziacha zilivyo, na alipofika nilimwambia, hata mkoba hajautua. Hakuamini. Akaingia, akapiga magoti nyuma ya rafu, akafuata waya kwa kidole hadi mwisho wake. Akaniuliza ni siku ngapi, nikamwambia. Akaniuliza kama nilikuwa nacheka, nikasema ndiyo. Akauliza, na Jumapili? Nikasema Jumapili kuliko siku zote. Ningependa kukuandikia kwamba alicheka naye. Hakucheka. Tulikula, na chakula hakukisifia.

Leo ni siku yake ya mapumziko. Asubuhi alikuja jikoni na daftari lake na kalamu, akasema, bila kunitazama sana, kwamba kuna jaribio ambalo hajawahi kulifanya kwa sababu haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja afungwe macho, mwingine abadilishe nyaya na kuandika. Nilimfunga mtandio wangu. Mara kumi na mbili nilihamisha nyaya au nilijifanya nahamisha, naye akataja: kipya, cha zamani, kipya. Alipatia mara sita. Nilipomwonyesha daftari alilitazama jinsi anavyotazama ramani yenye mpaka usiofungana.

Kisha akainuka kitini, akaniambia nikae. Akanifunga mtandio, polepole, akiangalia nywele zisibane. Ulikuwa bado na joto la uso wake. Nikamsikia akihangaika nyuma ya rafu, akapiga chafya kwa vumbi. Muziki ukaanza. Dada, pale kitini ni pazuri kweli, mwimbaji anasimama mbele yako kabisa, na nilikaa na uzuri wote ule bila kuona mtu, nikaelewa kwa nini alitoka mbio siku ile kuja kunishika mikono. Wimbo ulipigwa mara ya pili. Akaniuliza kipi ni kipi. Nikamwambia ukweli, sijui, vyote vitamu.

Akazima muziki, nikafikiri ametoka. Halafu nikamsikia karibu sana, amekaa sakafuni, akasema hata yeye hajui.

Mtandio sikuufungua haraka.

Bado ananizungumzisha kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Sijui itachukua siku ngapi. Nibusie mama mikono, na mwanao mvute sikio kwa niaba yangu. Ukiandika, andika mengi, hata ya bei za vitunguu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.