Mitungi Mitatu Mbele ya Karani

Kitale, tarehe 20 Oktoba, saa saba mchana

Kukhu,

Msimu wa kupanda ulipita zamani, kwa hiyo duka la mbegu limelala na nimepata nafasi ya kukuandikia. Nianze na habari za nyumbani, maana wewe ungeuliza hizo kwanza. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Baba mdogo Barasa amekata kahawa ya upande wa mto na kupanda miwa. Paa la jiko lako linavuja. Nilikuja Kabuchai mwezi wa Agosti nikiwa na misumari na bati moja, nikaviacha kwa jirani, nikarudi Kitale bila kuingia uani kwako. Sikuweza.

Unajua kwa nini.

Katika shajara yangu, tarehe 11 Februari, nimeandika hivi: "Kukhu amenituma niandike jambo. Kurasa nne." Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, ukaniita kwa ule utani wako wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, wewe si unaandikanga kila kitu? Hata mvua ikinyesha unaandika. Sasa andika na hii." Ulipomaliza ulinishika mkono, ukasema, "Siku ya lufu, watu wakikaa, usome. Yote. Usiniogopee. Nitakuwa nimekufa, watanifanya nini?"

Nikasema nitasoma. Nilisema haraka sana, Kukhu, kama mtu anayeahidi kuleta sukari.

Nimezisoma zile kurasa mara nyingi. Ulikuwa bibi arusi wa wiki mbili. Baba mkwe wako alikuwa na wake watatu, na serikali ya wakoloni ilitoza kodi kwa kila nyumba. Akabomoa nyumba mbili, akasawazisha udongo, ili karani wa kodi akija akute moja tu. Asubuhi karani alipoonekana njiani na askari wake, wale wake wawili wadogo walikimbilia migombani, yule wa tatu, Nasimiyu wa Malakisi, akiwa na mtoto mgongoni. Mke mkubwa alikuwa shambani. Wewe ulikuwa mtoni na mtungi. Hakuna aliyekuambia kitu, kwa kuwa bibi arusi haambiwi mambo ya boma.

Bibi arusi alikuwa na kazi moja kila asubuhi: kila mama mkwe apate mtungi wake wa maji, mlangoni pake mwenyewe. Ulikuta wageni, ukainama, ukapita. Mtungi wa kwanza ukauweka kwenye mlango uliokuwepo. Ukarudi mtoni. Wa pili ukauweka juu ya udongo mtupu, pale mlango wa mke wa pili ulipokuwa. Wa tatu pale pa Nasimiyu. Mlifundishwa kwamba mama mkwe hapewi maji mlangoni pa mwenzake, hata nyumba ikiwa imeanguka.

Na baba mkwe wako, aliyekuwa anaapa mbele ya karani kwamba ana nyumba moja, hakuona. Kila ulipopita alikuwa anageuza uso, kwa sababu mwanamume hamtazami mke wa mwanawe wala hamsemeshi. Karani peke yake ndiye aliyetazama. Aliinuka, akaparua udongo kwa kiatu karibu na mtungi wa tatu, akatoa majivu ya jiko la nyumba iliyobomolewa. Walipoondoka na mzee, ukaiondoa mitungi kabla wengine hawajarudi.

Mzee alichukuliwa akafanye kazi kwenye shamba la mzungu huku Kitale mpaka kodi iishe. Alirudi akikohoa, na hakumaliza mwaka. Watu wa boma walijiuliza karani alijuaje, wakamshuku Nasimiyu, ambaye kaka yake alikuwa akifagia ofisi ya chifu. Wakamfukuza na mtoto wake. Wewe ulikuwepo, ukanyamaza.

Ndipo wiki hiyohiyo ukawakusanya wanawake, mkaenda kuketi mbele ya mlango wa chifu, mkasema hamlipi na hamtaondoka. Mlimwagiwa maji, mkabaki. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba kwetu uhuru ulianzia pale mlipoketi. Huenda ni kweli. Lakini mwisho wa ukurasa wa tatu uliniambia: "Watu walisema mimi ni jasiri. Mimi nilikuwa naogopa kubaki nyumbani na ile mitungi."

Sasa nikuambie yangu, kwa utaratibu, maana nikiruka nitajificha.

Mwezi wa Juni vijana hapa Kitale waliingia barabarani kupinga kodi mpya. Walikuwa wanakuja dukani kunywa maji. Siku moja niliwasimulia habari zako, ulivyoketi kwa chifu. Mitungi sikuitaja. Walifurahi sana. Mmoja akasema, "Ati huyo ni shosho yako? Bana, hiyo ni damu!" Kesho yake jina lako lilikuwa kwenye kadibodi, nami nikatembea nyuma yake nikiwa nimenyoosha shingo. Wiki tatu baadaye ukafa. Wakakodi pikapu wakaja kukuzika, na ile kadibodi wakaisimamisha kando ya kaburi.

Siku ya tatu baada ya mazishi ikawa lufu. Tulinyolewa nywele, watu wakakaa ili marehemu asemwe, mema yake na mabaya yake. Vijana wangu walikuwa wameketi mbele. Nyuma kabisa, juu ya jiwe, alikaa Mzee Masika, yule mtoto wa Nasimiyu aliyefukuzwa akiwa mgongoni. Sasa ni mzee mwenye fimbo, na hakuna aliyempa kiti. Aliomba neno moja, akasema, "Mimi sitaki shamba la kulima. Hapa ni kwa baba yangu. Nataka mahali pa kulala tu, siku yangu ikifika."

Baba mdogo Barasa akajibu kwa sauti ya mzaha: "Wamama, funikeni sufuria! Watu wa Malakisi wakiona kinachopikwa, karani anajua kabla ya jioni." Watu wakacheka.

Nami nilicheka, Kukhu. Shajara ilikuwa mapajani, kidole changu kikiwa kwenye ukurasa wenyewe, na nilicheka.

Barasa akauliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Mara ya tatu alinitazama mimi, kwa sababu alijua ulikuwa ukinipenda. Nikawatazama vijana wa Kitale. Nikasema sina neno. Mzee Masika aliondoka kabla ya chakula.

Jumamosi iliyopita mtu wa Chwele aliniambia dukani kwamba Masika ni mgonjwa, hali chakula tena. Nilipanda bodaboda mpaka Malakisi. Nilimkuta kitandani, mjukuu wake akimpepea kwa gazeti. Sikukaa. Nilisema mimi ni nani, nikasoma kurasa zote nne nikiwa nimesimama.

Akasema, "Soma tena hapo pa mtungi wa tatu." Nikasoma. Akafunika macho kwa mkono. Nilidhani atakulaani, nami nilikuwa tayari kusikia. Alisema hivi: "Mama yangu alikufa akidhani ni mimi. Ati nililia kule migombani, karani akasikia. Hakunichapa kwa hilo hata siku moja. Lakini nilipokuwa nikilia, alikuwa ananiziba mdomo. Mpaka nimekuwa mtu mzima sijui kulia."

Kukhu, wewe ulidhani umemficha mama mmoja ukweli. Kumbe kulikuwa na mtoto. Angeweza kuambiwa hata siku ya lufu, akiwa bado anatembea, akalala usingizi wa miezi hii yote. Hiyo miezi si yako. Ni yangu mimi.

Nimewaita baba wadogo wote Kabuchai, Jumamosi tarehe 25, saa nne asubuhi. Nimewaalika na vijana wa Kitale. Barasa amenipigia akauliza, "Kuna nini tena, bana? Si tulimaliza mambo ya mama?" Nimemwambia hatukumaliza. Nitasoma jambo lako, kisha nitasema langu, na jina langu mwenyewe. Huenda wakanikataza boma. Kadibodi yenye jina lako huenda ikachomwa. Wewe ulinikataza kukuogopea, lakini naogopa kwa ajili yako, na nitasoma hivyohivyo.

Nenda salama, Kukhu. Nakupenda, na nimekukosea, na sijui kutenganisha hayo mawili. Nakuahidi hili: Masika atalala kwa baba yake. Wakikataa kumpimia mahali, nitatoa sehemu yangu ya urithi, na jembe la kwanza nitalishika mimi.

Mjukuu wako,
Wafula