Folio ya Kumi na Nne

Mama,

Kuna jambo nimekuficha tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Hupo tena kunikaripia, basi naliandika. Linahusu faili lako, lile lililotoka Mpanda kwenda makao makuu na kukuletea barua ya uteuzi. Nitaanza tulikoanzia, usije ukasema narukia mwisho kama nilivyokuwa nikisoma hadithi.

Uliingia kikosini ukiwa mpiga chapa, mjane mwenye mtoto mmoja na baiskeli moja. Tulikaa Majengo, na kila asubuhi ulikwenda kambini kwa baiskeli yako, gauni umelikunja usiingie kwenye mnyororo. Askari walikuita Mama Raia. Hukuwa na cheo begani, hukupigiwa saluti, na siku za gwaride ulisimama na wapishi upande wenye kivuli. Lakini kanali mwenyewe alikuwa akija masjala kuuliza, "Mama Raia, lile jibu la wizara liko wapi?" Nawe ulimjibu bila kuinua macho kwenye mashine. Kutoka kupiga chapa ukawa karani, kutoka ukarani ukawa mkuu wa masjala. Ulisoma kwa posta ukiwa unasonga ugali, na mimi nikikushikia kitabu mbali na mvuke.

Kisha likatokea la Masanja. Kikosi kilikuwa na akina Masanja wawili. Wanajeshi waliwatofautisha kwa namba zao, ila wewe ulikuwa raia na watu uliwajua kwa majina na kwa sura. Barua ikaletwa kwa baiskeli kutoka Kibaoni: baba yake Masanja amefariki, mtoto aruhusiwe. Ukaichomeka kwenye faili la Masanja mwingine, ambaye alikuwa kozini, mbali. Ilikaa humo siku tisa. Ulipoigundua, mzee alikuwa ameshazikwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume hajui lolote.

Kanali alitaka yaishe kwa maneno. Alikuambia, "Mama, haya mambo hutokea, tutamwita kijana tuongee naye." Ukamwandikia dokezo kwamba kosa ni lako na hukuangalia namba. Akakosa pa kutokea, akakuandikia karipio. Ulilipokea, na kabla hujamkabidhi karani mwenzako alitie kwenye faili lako, ukaandika mwenyewe juu kulia kwa kalamu nyekundu: 14. Ndiyo folio, namba ya kila karatasi inayoingia kwenye faili, na ulinifundisha kwamba namba hizo zikishaandikwa hazichezewi.

Tukaenda Kibaoni kwa wafiwa, juu ya lori la mahindi, mimi na wewe. Ulipiga magoti kwenye ule uwanja wa ng'ombe ukiwa na gauni lako la kazini. Baba mdogo wa Masanja alikusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa mama, sisi huku mambo ya faili hatuyajui. Tulijua amekataa kuja. Tumemsema vibaya mtoto wa watu." Halafu akaagiza uletewe kiti, na maziwa. Hukuweza kuyanywa. Niliyanywa mimi, ya kwako na ya kwangu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuchukia kidogo kwa kunipeleka kuona yale.

Miaka ikapita. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri matokeo, ukaniombea kibarua pale masjala. Ndipo ikaja barua kutoka wizarani: wanatafuta raia wa kuingia kwenye utawala makao makuu, watu wanaoijua kazi kuanzia chini, na kanali amependekeza jina lako. Faili litumwe. Nakumbuka hukulala vizuri wiki ile. Ulijua kwamba nafasi ya namna hiyo kwa mtu wa Mpanda, tena mwanamke asiye na digrii, haiji mara mbili. Kanali alikudokeza kuhusu ile karatasi. Alisema, "Mimi sitaikumbuka." Ukamjibu, "Mimi naikumbuka, afande. Iende ilivyo."

Na kwa kuwa mtu haruhusiwi kushika faili lake mwenyewe, na karani mwenzako alikuwa likizo Sumbawanga, ukanikabidhi mimi kazi ya kulifunga. Bahasha mbili, ya ndani yenye lakiri na neno SIRI, ya nje yenye anwani tu. Ukatoka nje ukakaa kwenye ngazi ili usione. Ulikuwa mkali kwa sheria mpaka unachekesha.

Mama, niliitoa ile folio ya 14. Niliikunja nikaiweka kwenye soksi. Kisha nikakwangua namba zilizofuata kwa wembe, nikachukua kalamu yako nyekundu nikaigeuza 15 kuwa 14, na 16 kuwa 15, mpaka mwisho. Zilikuwa karatasi nane. Mwandiko wangu unafanana na wako, ulinifundisha wewe. Mchana nilipokwenda kupika niliitia kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria ya maharage. Sikuogopa. Nilijiona nimekulipia yale magoti ya Kibaoni.

Uteuzi ukaja, tukapanda treni kwenda Tabora na kuendelea. Ukawa afisa, ukawa mkurugenzi msaidizi, mwishoni ukawa mkurugenzi wa utawala. Makanali walisimama ulipoingia kikaoni, na hakuna kanuni iliyowalazimisha. Mimi nikaingia wizara hiyo hiyo kwa mlango wa chuo kikuu, na wewe ulinitania kwamba sijui hata kubadilisha utepe wa mashine.

Nisingekuandikia kama usingekuwa unaisema ile sentensi. Uliisema kwa kila karani mpya aliyekuja akitetemeka na kosa lake. Uliisema siku ya kukuaga kazini, umeshika maua, nami niko mstari wa pili: "Mimi waliniteua wakijua kosa langu. Kwa hiyo nanyi msiyafiche ya kwenu." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Uliisema hata hospitali, kwa nesi aliyekuwa amekosea kuandika saa ya dawa. Ilikuwa fahari yako kuliko cheo chenyewe, na haikuwa kweli, na aliyeifanya isiwe kweli ni mimi.

Sasa wamenipendekeza mimi kukalia kiti chako. Faili langu ni safi kabisa, halina hata onyo. Jumatatu niliandika dokezo kwa katibu mkuu nikaeleza yote: karatasi, soksi, kalamu nyekundu. Nikaomba nakala moja iingie kwenye faili lako na nyingine kwenye langu. Alilisoma mara mbili. Akaniuliza, "Unajua majina yanapelekwa Ijumaa?" Nikasema najua. Akauliza kama nataka kulichukua nikalifikirie kwanza. Nikasema hapana. Basi akaligonga muhuri wa kupokelewa, nami nikarudi ofisini kwangu nikaendelea na kazi.

Wakininyima, nitakuwa nimestahili. Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni hiki: huenda wangekuteua hata hivyo. Kati ya wale wazee wa kamati, angalau mmoja angeisoma ile karatasi akasema huyu mama aliyejishtaki ndiye tunayemtaka. Mimi naamini hivyo kabisa leo. Siku ile, nilipokuwa na faili mikononi, sikuamini. Kila mtu alikuamini, Mama, hata yule mzee wa Kibaoni aliyekuletea kiti. Mimi peke yangu, niliyekula na kulala kwako, ndiye niliyedhani hutoshi mpaka nikuibie.

Nisamehe kama huko inawezekana. Nimekukumbuka mno.

Binti yako wa pekee,
Sabina