Mstari Nyuma ya Kaka Zénon

Umbilo, Durban,
Jumapili, 7 Desemba 2025.

Mpendwa dada yangu Ninahazwe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana anayetutunza hata pale tusipostahili. Hujambo, dada? Mguu unaendeleaje? Israël aliniambia sasa unatembea mpaka sokoni Kasulu bila fimbo, nikamshukuru Mungu hapo hapo nilipokuwa nimesimama, kati ya magunia ya muhogo. Na shemeji, kifua kimemwachia? Mvua zimekuja vizuri? Mmeshapanda mahindi?

Mimi mzima. Kisukari kimetulia tangu niache soda. Bado nauza pale pale Warwick, dagaa na unga wa muhogo, na joto la mwezi huu linafanya harufu ya dagaa inifuate mpaka kitandani. Gaël wangu amemaliza mitihani, tunasubiri majibu, mtaje kwenye maombi yako.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi zama hizi za simu. Lakini simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na haya sitaki yasikike mbele ya watoto. Ndiyo maana nimeyatia mkononi mwa Israël anayerudi huko, naye ameapa kukupa wewe mwenyewe. Keti kwanza, dada.

Ulinitumia sauti ukiuliza, kaka yetu Zénon amepita? Nikakujibu "tuombe", nikazima simu. Hakupita. Na kwa ajili ya kiti hicho alichokikosa, amempoteza binti yake Lyse. Mkono wangu umo humo ndani, kwa hiyo ni haki uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine.

Unakumbuka nilikwambia kwamba Warundi wote wa hapa, wa kanisani na wasio wa kanisani, tuna umoja wetu, na kila miaka mitatu tunachagua rais. Usicheke, tunamwita rais kweli. Ndiye anayekwenda maofisini na makaratasi yetu ya ukimbizi, ndiye anayesimama kusema siku watu wanapotishia kutuondoa kwenye meza zetu sokoni. Mara mbili mfululizo kiti kimechukuliwa na vijana wa South Beach, wale wa baa na muziki, kwa sababu sisi wa makanisa tulikuwa tunasimamisha watu watatu na kugawana kura. Safari hii Pasta Jules akasema, tufanye mchujo wetu kwanza, sisi tunaoshika neno, tutoke na mtu mmoja tu.

Wakajitokeza watatu. Deusdedit, shemasi mwenye duka la simu, ambaye ndiye aliyelinunulia kanisa vipaza sauti. Serge, mhasibu, kijana wa suti. Na Zénon wetu. Unamjua kaka yako, hana maneno. Lakini kwa miaka kumi na moja hakuna Mrundi aliyefia Durban ambaye Zénon hakumwosha au hakubeba jeneza lake. Hata wale wa baa huwa wanampigia simu yeye.

Sokoni hatukuwa na habari nyingine. Mwezi mzima tuliwapima wale watu watatu kama tunavyopima unga, kwa kutikisa kikombe. Nakumbuka siku moja Mama Eddy, jirani yangu wa meza, anafukuza nzi huku anahukumu.

"Serge? Mke wake anakuja na suruali mpaka kwenye Meza ya Bwana. Na yeye mwenyewe anaomba kwa Kiingereza, kana kwamba Mungu amezaliwa Pretoria."

"Na Deusdedit?" nikamuuliza.

"Huyo anamfokea mkewe kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, dirisha wazi, magari yote yanasikia. Lakini hesabu watoto wake. Wote ndoa ya kanisa. Wote!"

"Na kaka yangu?"

"Eish, Akimana. Zénon atanizika vizuri sana. Lakini tumbo la Lyse linaingia kanisani kabla ya Lyse mwenyewe."

Wanawake wote wa mstari wetu wa meza wakacheka. Nami nilicheka, dada. Mimi shangazi yake, nilicheka nao.

Ndiyo, Lyse alikuwa na mimba. Nilikuficha, unisamehe. Ana miaka kumi na tisa, alikuwa anasuka nywele kwa Mkenya mmoja anayeitwa Ngina, na mvulana aliyempa mimba aliposikia akakimbilia Cape Town, namba haipatikani mpaka leo. Wazee walimtenga kama desturi yetu ilivyo. Unaijua, alikaa benchi ya mwisho karibu na mlango, haimbi, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya watu baada ya kujifungua. Hakulalamika. Kila Jumapili alikuja, akakaa pale, akarudi nyumbani kumpikia baba yake. Tangu tumzike wifi wamekuwa wawili tu katika kile chumba.

Basi wazee wakamwita Zénon. Wakamwambia anaweza kusimama kwenye mchujo, lakini kwa sharti moja. Siku hiyo, kabla ya kura, atangaze mbele ya watu wote kwamba amejitenga na dhambi iliyo nyumbani kwake. Maana yake, amkane Lyse na amtoe nyumbani.

Alikuja mezani kwangu asubuhi, akashika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye boti. Akaniuliza, "Dada, nifanye nini? Nikijitoa Deusdedit atapita, na Deusdedit hawezi hata kumsindikiza mgonjwa."

Dada Ninahazwe, nikamwambia hivi, maneno yangu mwenyewe: "Kaka, sema tu. Ni maneno. Watu wanataka kuyasikia, wakishayasikia wameridhika. Atakaa kwangu mwezi mmoja, halafu nani atafuatilia? Lyse nitamweleza mimi."

Sikumweleza. Jumatano nilisema nitamwambia Alhamisi. Alhamisi alikuja kunisaidia kubeba magunia, tumbo lile la miezi minane, akaniletea chai, nikaona haya. Nikajiambia kwamba waliotengwa hawapigi kura, hatakuja.

Jumamosi ile ya Oktoba alikuja. Alikuwa amempigia baba yake shati pasi, na koti la baba alilipakata mapajani lisije likakunjika kabla baba hajasimama. Akakaa benchi yake ya mwisho. Aliponiona akanipungia mkono.

Walianza kwa kuwahoji. Serge aliulizwa kuhusu suruali, akajibu kwa Kiingereza, akamalizika hapo hapo. Deusdedit hakuulizwa kitu, aliombwa tu awasalimu watu, naye akasalimu dakika ishirini. Alipofika mwisho akamgeukia kaka yetu akitabasamu: "Wapendwa, mimi sina neno baya na ndugu Zénon. Nauliza tu, mtu aliyeshindwa na msichana mmoja ndani ya chumba kimoja, ataweza Warundi elfu mbili?" Watu wakapiga makofi. Wengine wakageuza shingo kumtazama Lyse. Alikuwa anatazama koti.

Kisha Pasta Jules akasema, "Ndugu Zénon, iko neno unataka kutuambia."

Zénon akasimama. Akasema, akitazama sakafu, "Kuanzia leo Lyse si binti wa nyumba yangu. Asilale kwangu tena."

Nikadhani yamepita. Pasta akanyoosha mkono na kipaza sauti. "Sema kwa nguvu, ndugu. Wa nyuma hawakusikia."

Akasema tena, dada. Kwa kipaza sauti. Na safari hii aliinua macho, na wa nyuma kabisa alikuwa binti yake.

Lyse hakulia. Alisimama taratibu, akishika benchi ya mbele kwa sababu ya uzito, akalikunja lile koti vizuri, mikono ndani, akaliweka pale alipokuwa amekaa. Akatoka. Mlango ulikuwa hatua mbili tu.

Halafu tukapiga kura, kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi hatutumii karatasi, watu wanasema karatasi huibwa. Wagombea husimama uani na kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya mtu wake, mchana kweupe, na wazee wanahesabu vichwa. Nilidhani mstari wa Zénon utafika barabarani. Si ametoa walichotaka? Si walisema ni hilo tu?

Nikamwona Mama Eddy anampita. Nikamvuta kitambaa. "Unakwenda wapi? Ametangaza!"

"Nimesikia," akasema, na uso wake ulikuwa na hasira ya kweli. "Mtu anamfukuza binti yake mwenye mimba kwa kipaza sauti, sisi atatufanya nini? Hana huruma huyo. Twende."

Ndivyo walivyosema wote. Wale wale waliomdai amkane walimhukumu kwa kumkana. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu mara zote mbili walikuwa wanatetea familia.

Nyuma ya Deusdedit watu themanini na kitu. Nyuma ya Serge ishirini. Nyuma ya kaka yetu walisimama wanne, wazee wajane ambao aliwazikia wake zao.

Sasa utauliza, na Akimana alisimama wapi? Mke wa pasta alinishika mkono, akasema "njoo mama, tumalize", nikaenda. Nilisimama nyuma ya Deusdedit. Sikuwa nampenda. Niliogopa kuonekana katika mstari wa watu wanne. Zénon aligeuka kuhesabu waliomfuata, kisha akanitafuta kwa macho huku na huku, akaniona nilipo. Aliitikia kwa kichwa kidogo tu, kama unavyomsalimu mtu ng'ambo ya barabara.

Tulipokuwa tunatawanyika Deusdedit akampiga begani mbele ya watu. "Ndugu, usijali. Mazishi tutakuachia wewe." Wakacheka. Kaka yetu naye akacheka. Hicho kicheko, dada, sijui nikwambieje.

Na huo urais wenyewe wala hatukuupata. Uchaguzi mkuu ulifanyika wiki mbili zilizopita, kijana wa South Beach ameshinda kwa mara ya tatu. Wenye baa walimsema Deusdedit kwamba watu wake ndio wanaofukuza wajawazito. Jumapili iliyofuata Pasta Jules alihubiri juu ya subira.

Lyse hakurudi hata kuchukua nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa Ngina, kwenye yale maghorofa ya South Beach tunayokatazwa kukanyaga. Mama yule, ambaye sisi hatumsalimii kwa sababu ya kucha zake za rangi, alimpa kitanda akalala yeye chini. Mtoto alizaliwa mwezi uliopita, salama, asifiwe Mungu. Ngina ndiye aliyekuwa naye hospitali.

Zénon huenda kila Jumapili baada ya ibada. Lifti ni mbovu, anapanda ghorofa saba, anagonga mara moja, halafu anakaa kwenye ngazi mpaka jua linapungua. Hafunguliwi. Amekonda, kola za mashati zimekuwa kubwa. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mimi nilikwenda Jumanne. Lyse alifungua kidogo, mnyororo bado umefungwa. Nilimsikia mtoto ndani. Nikaanza kusema hili na lile, nimeleta unga wa uji, nimeleta nguo. Akanikatiza, bila ukali.

"Shangazi, ulijua atasema?"

Nikasema, "Nilijua, mwanangu."

Akafunga mlango polepole sana, asimwamshe mtoto.

Sasa dada, ombi langu ni hili. Ngina aliniambia kwenye ngazi kwamba Lyse anakutaja wewe, kwamba wewe hukuwepo. Namba yake mpya nimemwandikia Israël nyuma ya bahasha. Mpigie. Usitutetee. Usimwambie baba yake amekonda, usimwambie shangazi analia, usimsomee andiko la kusamehe, anayajua yote, aliyasikia miaka yote ya benchi za mbele na miezi yote ya benchi ya mwisho. Muulize tu mtoto anaitwa nani. Sisi huku, babu yake na mimi, hatujui kama ni wa kiume au wa kike. Na ukishaambiwa jina, baki nalo wewe, mpaka Lyse atakapokuruhusu kutuambia.

Nisalimie shemeji, na Ntakirutimana na mkewe, na mama mdogo mwambie dawa yake anayo Israël. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Bwana aufunge mlango wenu dhidi ya mabaya, na aufungue wakati wa mema.

Nabaki mdogo wako ninayekupenda, hata ukimaliza kusoma ukashindwa kunipenda,

Akimana