Kosa Lililojificha Kwenye Waraka wa Muthoni

Jumanne, Nyeri

Hatimaye! Siku tatu nimerekebisha msimbo ule ule, na kila nikiwasha programu upya, kosa lilirudi kama vile sijagusa kitu.

Muthoni, mwenzangu kazini aliyeiandika programu hiyo kabla ya kwenda likizo ya uzazi, aliandika waraka mrefu wa maelezo, vipande vya msimbo vikiwa katikati ya aya. Kompyuta huvitoa humo na kuunda faili inayopanga zamu za maji ya mashamba ya mpunga kule Mwea. Mimi nilikuwa narekebisha faili hiyo, nayo inaandikwa upya kutoka kwenye waraka kila programu inapowashwa. Mjinga mimi! Na mpunga wa Mama Wawira, mmoja wa wakulima wa huko, ulikuwa unakauka.

Leo nikampigia Muthoni, mtoto akilia kando yake, nikamwambia nausoma waraka wote kutafuta kosa lilipoanzia.

"Ati unatafuta na macho? Kurasa zote hizo?" Akacheka. "Kila mstari wa hiyo faili iko na alama ya aya yake kwa waraka. Andika amri ndogo ikurudishe huko."

Nikaiandika. Nikabonyeza mstari wenye kosa, nikatua kwenye maneno yake: "Mfereji wa chini upate maji kwanza, maana yakianzia juu hayafiki." Msimbo chini yake ulipanga kinyume. Nilibadilisha neno moja tu, safari hii kwenye waraka wenyewe.

Saa kumi Mama Wawira akapiga simu. "Mwanangu, maji imefika! Niko ndani mpaka magoti!"

Naogopa huenda kuna kosa lingine humo. Lakini leo nilipiga kelele mpaka askari wa getini akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia maji yamefika Mwea. Akanipa mkono.